Matandiko

Mulindwa alipokwenda Mbarara kusomea udaktari wa mifugo
aliniachia kabati la Ssenkubuge fundi seremala:
fremu ya mvule, waya wa joto mgongoni,
watoto wa meza tisa wa plastiki, mmoja juu ya mwingine,
na kila mtoto wa meza ana chatu wake.
"Shenga, chakula nimepanga. Maji unajua.
Matandiko utachagua mwenyewe."
Akapanda basi.

Mimi nimetandika vitanda miaka thelathini na mmoja,
wodi ya wanaume, hapa Masaka.
Shuka husema kabla mgonjwa hajafumbua mdomo:
huyu kaficha homa,
huyu dawa hakuinywa, kaimwagia ukutani.
Lakini nyoka?
Nyoka anataka kulalia nini?

Nikaanza na maranda.
Ssenkubuge alinijazia gunia bure, ya msonobari,
yananukia kama nyumba mpya.
Siku ya nne Ushanga akawa anapumua mdomo wazi,
kipovu puani.
Harufu ninayoisifu mimi mwenye mlango
inamkaba yeye asiye na dirisha.
Gunia likarudi kwa mwenyewe.

Maganda ya kahawa, basi. Kwetu Nyendo hayana bei,
kiwandani huyachoma ili kupata njia ya kupita.
Nikamwaga kina cha vidole vitatu.
Wakazama wote. Kabati zima likawa macho tu,
na mimi, nakiri, nikakaa kuyatazama
mpaka uji ukaungua.
Kisha mvua za Novemba.
Chini ya mabakuli ya maji ukaota ukungu,
mweupe, kama ndevu za maiti asiye na ndugu.
Vumbi likanipigisha chafya juma zima.
Mimi nilipiga chafya. Wao walinyamaza,
na kunyamaza kwao ndiko kulikonitia hofu.

Majani makavu ya migomba yalikuwa mazuri kuliko yote.
Yalikuja na siafu.
Usiku ule sisemi.

Nabwami wa jirani akachungulia:
"Watu wanalala chini, wewe unatafutia nyoka godoro?"
Nilimpa chai, sikuwa na jibu.
Jibu lilikuja usiku, mwenyewe keshaondoka:
aliyefungiwa hachagui,
basi aliyeshika ufunguo achague kwa niaba yake, tena achague sana.

Sasa nanunua magazeti ya mwaka juzi
kwa kijana wa chapati, kwa kilo.
Nayasoma kwanza.
Kiwanja kinauzwa Kyabakuza.
Mtu kapotea, alivaa shati la samawati, ana kovu shingoni.
Kisha nakunja pembe kihospitali,
kona kwa kona, pasiwe na mkunjo,
kama matroni bado anapita saa mbili.
Juu ya karatasi hakuna siri.
Choo nakiona, tone la damu nitaliona,
na nukta ambayo mwandishi hakuiweka,
nukta inayotembea: utitiri.
Naitoa karatasi yote, naichoma, naosha, natandika upya.

Wanane wamekubali.
Wa tisa ni yule jike kongwe, mzito kama ndoo ya maji.
Kila alfajiri namkuta amelifunua gazeti lote,
amelijipindulia mgongoni, kichwa hakionekani.
Nazungumza naye kwa Kiswahili,
lugha niliyoipata kambini nikifulia askari.
Kwa lugha hii watu hapa waliamriwa kulala chini.
Mimi naitumia hivi: lala, mama, lala,
nani kakuudhi?

Kiangazi kikishika nitaanika maganda juu ya turubai,
niyapepete mara tatu, vumbi lote lije kwangu,
nimpe yeye tu.

Jana Mulindwa kapiga simu.
"Shenga, umechagua nini?"
Karatasi, nikasema, kwa wanane.
Na wa tisa?
Na wa tisa bado tunajadiliana.