Mwanya wa Wembe

Mwanjelwa, kwa Sanga wa spea,
ringi seti mbili, bei mbili.
Ya bei rahisi naishika,
naigeuza, nairudisha bila neno.

Yamaha ya baba ilipanda Igawilo na viazi
ikitoa moshi wa buluu, kuni mbichi tupu.
Silinda imeshachongwa: hamsini.
Ukiweka standadi itacheza mle
kama kidole changu kwenye pete yake.

Anyosisye hana geji.
Anasukuma ringi silindani kwa kichwa cha pistoni,
anachomeka nyembe.
Mmoja, unapita.
Mbili, zinapita.
Tatu, zinagoma.

"Hapo hapo. Ikipata moto inatanuka.
Ukiibana, itavunjikia humo humo."

Nafuta mikono kwa petroli.
Baba, kwetu,
hakuacha hata wa wembe mmoja.