Mivinje ya Skuli

Daftari ninalo mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na sina deni kwa mtu yeyote wa kamati.
Ukurasa wa kwanza: mivinje arubaini na mmoja,
nyuma ya kiwanja cha mpira, Machui,
imesongamana hata jua halifiki chini.
Bwana shamba kasema ipunguzwe.
Mwalimu Zuwena akasema: ipunguzwe Disemba.

Tukamtazama.
Mabati kumi na manne yameoza.
Mvua ikija, Darasa la Tano hubeba madawati
kama watu wanaohama nyumba usiku.
"Kanisani wapo watu. Hotelini wapo watu.
Wao wanataka mti, sisi tunao. Tatizo liko wapi?"

Tatizo lilikuja lenyewe, juu ya baskeli,
limevaa kofia ya viua.
Bwana Ngwali akashusha mguu mmoja:
"Nyinyi, na kanzu zenu, mnauza Krismasi?"
Faki mlinzi hakuacha kukata.
"Tunauza mvinje, yakhe. Krismasi wanayo wenyewe."
Bwana Ngwali akaitazama mivinje, akamtazama Faki,
akauliza bei ya kuni.
Nimeandika: B. Ngwali, mizigo miwili, elfu sita, taslimu.

Mvinje si mti wa kwenye kadi.
Ule una mabega, umesimama kama askari wa bendi.
Wetu una nywele nyembamba, ukiuinua hulalamika,
huvuma hata pasipo upepo
kama bibi anayesali peke yake chumba cha pili,
na vikokwa vyake vinachoma kiganja.
Tukauchomeka kwenye kopo la rangi, mchanga, mawe.
Watoto wakaleta usufi,
wakaufunga mafungu ya mia tano
na kuandika kwa chaki: THELUJI.
Hakuna aliyewahi kuiona.
Mtumwa, mtoto wa dada yangu, alimweleza mteja
kuwa ni barafu iliyochambuliwa.

Hoteli wakachukua kumi na miwili, wakaomba risiti.
Sista Leokadia akachukua mmoja mrefu,
akaupunguza bei kwa tabasamu mpaka Mwalimu akachoka.
Muuguzi wa zahanati alitaka mfupi kuliko mtoto wake.
Jua la Disemba likatuchoma visogo,
ng'ombe wa gari akala fungu zima la theluji.

Jioni akaja Mama Perpetua,
mjane wa fundi Gaspari aliyekuwa akitengeneza milango.
Alichagua kama anayechagua mkwe:
akaugeuza huu, akautikisa ule,
akausogelea mmoja, akaunusa.
Bei elfu nane. Akatoa thelathini na mbili.
Nikamrudishia, akairudisha.
"Huu wa mwaka huu," akasema.
"Na ile mitatu Gaspari aliyoikata usiku,
hapa hapa kwenu, bila kumuomba mtu.
Alikuwa akisema, mvinje haulii.
Mimi nilikuwa nausikia sebuleni, unalia mpaka Januari."

Faki akainama, akajishughulisha na panga lake.
Alikuwa mlinzi miaka hiyo yote mitatu.

Sikuwa na safu ya kuandika hiyo.
Kuna Mauzo, kuna Michango, kuna Matumizi.
Nikaacha mstari mtupu, nikaandika tarakimu tu,
na mkaguzi akija nitamweleza kwa mdomo.

Mivinje miwili haikupata mtu.
Mmoja Faki aliuweka getini.
Wa pili nimeuchukua mimi,
ukakaa uani wiki tatu, nikauanikia fulana za watoto,
na kila fulana niliyoitoa
ilikuwa na sindano zake za kijani shingoni,
mwanangu akajikuna skuli kutwa.

Masika yameanza jana.
Nilikwenda kusikiliza.
Mabati kumi na moja mapya yanapiga kelele,
Mwalimu Zuwena anafundisha kwa ishara ya mikono.
Yamebaki matatu.
Chini yake watoto sita wa nyuma
wamekwishaanza kunyanyua dawati lao.