Funguo Sita

Honda nimeinunua
kwa karafuu na njaa,
misimu miwili pia,
nikaileta nyumbani.

Nyekundu, tangi lang'ara,
kioo chake imara,
na kiti kama johora;
sikulala kitandani.

Gando watu twajuana,
mwizi hatajwi mchana,
kuku akikosekana
twamsingizia jini.

Lakini honda si kuku:
jini hapandi usiku,
na deni li kila siku
kwa Mbaruku wa dukani.

Kila paka akiruka,
kuti kavu likishuka,
mie mbio nimetoka
na panga li mkononi.

Watoto watoka chuo,
hujitazama kioo,
hupanda, wapiga mbio
safari za midomoni.

Asaa akanambia
kuegesha kuna njia:
shelisheli huachia,
bonde likawa tangini.

Mguu wake mmoja,
mvua ya vuli ikija,
huzama bila kungoja:
weka kibati topeni.

Mikeka ya karafuu,
oili ikiwa juu,
haiwi daraja kuu,
hurudishwa mizanini.

Nikanunua kufuli,
si moja wala si mbili,
na mnyororo wa meli
wa gatini Mkoani.

Shingo yake nikafunga,
gurudumu nikazonga,
kisha nondo nikapanga
dirishani, mlangoni.

Plagi nikaichomoa,
kwenye leso nikatia,
leso nikaifukia
kwenye mchele jikoni.

Funguo zikawa sita:
nyingine kwenye mafuta,
moja nimeifumbata,
moja i mwangu shingoni.

Jirani yangu Shaame,
honda yake, usiseme,
taa haina umeme,
huegemea zizini.

Huiwasha kwa kiwaya,
hana kufuli na haya:
"Mwizi hatataka mbaya,
nalala mie, jamani."

Ikawa saa ya tisa,
Zuwena kanipapasa:
"Uchungu ushaja sasa,
niwahishe uzazini."

Ya shingo ikafunguka,
ya mafuta yaponyoka,
ya tatu ikavunjika
mle mle kufulini.

Na plagi yenyewe wapi?
Katika madebe, lipi?
Nimwage mchele upi?
Nikachakura gizani.

Zuwena kaegemeza
kichwa, sauti kameza,
asema akijikaza:
"Umemfungia nani?"

Kumbe Shaame yu macho,
mvua haimpi kicho,
kavaa shuka, na hicho
kiwaya chake kinywani.

Kikohozi, ikawaka,
Zuwena akajishika,
bila taa wakatoka,
nami mbio matopeni.

Jua halijachomoza
mtoto kajitokeza,
wa kike, mwenye kupaza
sauti, Wete, wodini.

Shaame nilimkuta
usingizi wamvuta,
shuka lake limetota,
kalala vile kitini.

Narudi, naona honda
kavu, safi, imeganda,
hakuna aliyepanda,
kama mfungwa jelani.

Hazikwisha wiki mbili,
Shaame yuko kuswali,
mwizi akaona mali
ile mbovu ya zizini.

Hakulia, hakununa:
"Honda ilikuwa jina;
mwana wenu nimemwona,
imejilipa zamani."

Nikakata mnyororo,
nimechoka hiyo kero;
nusu, bila mgogoro,
yafunga ng'ombe zizini.

Kufuli sasa ni moja,
kibati pale changoja,
vuli ije, si kioja,
honda wima kiguuni.

Funguo nazo ni mbili:
moja i kwangu, ya pili
i kwa Shaame, mahali
pa wazi, msumarini.

Usiku nisikiapo
paka arukapo hapo,
najigeuza nilipo,
mtoto yu kifuani.