Mashuka ya Zelinda

Bi Sunniva, Bwana Torgeir,
barua yenu ya nne nimeipata.
Vyeti vya kuzaliwa vimefika toka Bergen,
vimetafsiriwa, vimepigwa muhuri,
kasoro kimoja: baba wa bwana harusi
huku ana jina moja, kule ana mawili.
Serikali yetu haipendi mtu azaliwe na baba wawili.
Rekebisheni kabla ya Pasaka.

Ukumbi wa manispaa ni wenu, Jumamosi,
saa kumi na moja jioni, ziwa likiwa limetulia,
au halikutulia; hilo halimo katika mkataba.
Mmeomba kengele ilie baada ya busu, si kabla.
Kengele yetu haina masikio. Saa ikifika, inalia.
Nimeshuhudia mabusu yakiisubiri
mpaka wazee wakaanza kukohoa.

Malimau, ndiyo. Mmeuliza kama Mei yatakuwa ya njano.
Yatakayopenda yatakuwa.
Yatakayogoma, Ludovico mpambaji
huyafungia wenzao wa sokoni, kwa uzi wa kijani.
Msimwambie nimesema.

Bibi yenu wa miaka tisini na moja
atabebwa kwenye kiti, ngazi zote mia na arobaini na tatu,
na vijana wanne wa klabu ya makasia.
Malipo yao ni bia,
nami nasimamia wasilipwe kabla ya kazi.

Sasa, mashuka.

Mpiga picha wenu wa Milano ameandika kwa herufi kubwa
kwamba roshani inayotazamana na ukumbi ianuliwe nguo
tangu saa tisa hadi jua lizame.
Roshani ile ni ya Zelinda.
Nilipanda kwake, nikagonga, nikamsomea barua.
Akacheka mpaka akakaa kitako juu ya kapu.
Kisha akainuka akanionyesha kilichomo:
mashuka thelathini na mawili ya hoteli,
ya vitanda vyenu hasa, ya mama wa bibi harusi,
ya wapiga fidla, ya huyo huyo mpiga picha.
Akaniuliza: nikiyaanua mabichi,
watalalia nini usiku, watalalia picha?

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nasi tumepona, sikatai:
kwa ada za harusi tumeezeka upya paa la shule,
mwanawe mwokaji amerudi toka Torino
na sasa anaoka keki za ghorofa tano.
Ila habari hizo
mgongo wa Zelinda haujazipata.

Kwa hiyo mashuka yatabaki.
Mwambieni mpiga picha asimame upande wa chemchemi,
au ayapige nayo.

Mmeniuliza pia, mwisho wa barua, kwa mwandiko mdogo,
kama mimi binafsi ningeshauri mahali hapa.
Miaka ishirini na sita nimewaandikisha wageni,
wewe ni wa kwanza kuniuliza, Sunniva,
nami sijui karani hujibuje swali la namna hiyo.
Nitawaambia hili tu.
Mimi na Gaspare tuliandikishwa humu humu, Jumanne,
mvua ikigonga madirisha kama mdai.
Shahidi wa kwanza, mwenye duka la vyuma;
wa pili, tarishi, aliyeingia kuleta barua ya maji
akakamatwa mkono.
Picha ipo moja. Kichwa cha tarishi kimekatika.
Nyuma yetu, ukitazama sana kwenye kioo cha dirisha,
kuna kitu cheupe kimening'inia,
kimelowa, hakuna aliyekianua.

Basi: jina la baba, kabla ya Pasaka.
Ada ya ukumbi, nusu sasa.
Na kalamu ya ofisi inavuja.
Kwenye cheti changu, pale jina la Gaspare linapoishia,
lipo doa la buluu lenye ukubwa wa dengu.
Leteni kalamu yenu.
Au msilete.

Wenu katika kazi,
Ersilia,
dirisha la pili, Jumatatu hadi Ijumaa.