Daftari la Madeni

Jana nililifungua daftari la zamani,
jalada la kijani limeliwa na mende,
nikitafuta nani hajalipa.
Nikakuta jina moja limejirudia
kama mtu anayekohoa usiku kucha:
Kalunde Mihayo, vidonge kumi.
Kalunde Mihayo, vidonge kumi.
Kalunde, ishirini, atalipa wakiuza tumbaku.

Mwandiko ni wangu.

Mara ya kwanza alikuja na cheti cha daktari.
Pumu ilimkaba ndani ya bani, kwenye vumbi la majani,
akaletwa hapa Sikonge nyuma ya pikipiki
mabega yakipanda na kushuka kama mvukuto.
Siku tano, cheti kilisema. Siku tano tu.
Siku ya pili alikuja kwa miguu yake mwenyewe.
Dawa ile ilimrudisha duniani, hilo silikani.
Lakini cheti kilichakaa, nami sikukidai tena.
Kidonge kidogo, cheupe, kichungu ulimini,
bei yake haifiki andazi.
Nani angemnyima mama wa watu pumzi?

Mwaka wa pili akanenepa.
"Umenawiri, shoga!" wakamwambia mnadani.
Mashavu yakajaa, shingo ikazama,
uso ukawa duara kamili,
na sisi Wanyamwezi hatukosi utani na jina letu:
"Mwezi umeandama, upo dukani kwa Nsimba!"
Nilicheka. Nikampa kumi nyingine.

Upande wa giza wa mwezi hatukuutazama.
Ngozi ya mikono ikawa karatasi ya sigara,
ukiigusa inabaki doa la zambarau.
Sukari ikapanda kimyakimya.
Jicho la kushoto likaingia ukungu.
Kisha Agosti, akiinua ndoo ya asali,
si pipa, ndoo,
mgongo ukalia kama kijiti.

Nilikwenda kumwona Kitete na machungwa sita.
Daktari, binti mdogo kwa umri, hakunigombeza.
Alinikuta nikimnong'oneza mgonjwa,
"Acha vile vidonge, acha leo hii,"
akanishika bega:
"Ukitaka kumuua, mwambie aache leo."

Akaniuliza kama nina mizinga.
Nani Sikonge hana?
"Nyuki wakiwekewa sukari mlangoni miaka minne?"
Watasahau njia ya maua, nikasema.
"Na ukiiondoa kwa siku moja?"
Sikujibu. Nimewahi kufungua mzinga wa namna hiyo,
kimya, umejaa mbawa.
"Basi naye ana mzinga wake, mdogo, juu ya figo."

Wakampunguzia. Nusu, kisha robo,
kwa wembe, juu ya kisahani cha chai,
mwezi baada ya mwezi, tarehe zimeandikwa ukutani.
Kuna wiki viungo vilimwaka moto
akaniita mchawi, akailia ile nusu iliyobaki.
Akapewa dawa ya kuvuta, ukoo ule ule,
ila hii inaishia kifuani, haizururi mwili mzima:
chupa ya maji imetobolewa kitako,
anavuta, anahesabu hadi kumi,
anasukutua, anatema.
Tumbaku amewaachia wengine, analima alizeti.
Sisemi pumu imekwisha.
Masika bado humtafuta.

Mgongo haukunyooka.
Uso umerudi, karibu ule wa zamani,
na watu sasa wanamwambia pole, umekonda.

Nilichora mstari juu ya jina lake, ukurasa kwa ukurasa.
Kalunde hadaiwi.
Chini ya mstari jina bado linasomeka.

Nikiwa hapo, kijana mmoja akagonga kaunta:
"Mjomba, vile vya kunenepesha vipo?
Dada anaolewa Desemba."
Nikamuuliza cheti kiko wapi.
Nikaanza kumweleza habari za nyuki.
Akacheka, akavuka barabara.

Duka la pili huwasha taa hadi saa nne usiku.