Mgongo wa Shati

Miaka kumi na tisa nilipanda baiskeli
na sikuwahi kuiona mbele.
Nilikaa keria, miguu yote upande wa kushoto,
khanga nimeibana kwa magoti, mtoto tumboni au mgongoni,
na mbele yangu palikuwa na mgongo wa shati la Ndekeja,
shati la kijivu lenye ramani ya jasho.

Muulize mwingine barabara ya Kiloleni inaelekea wapi.
Mimi nitakuambia imepakana na nini:
duka la mbolea, uzio wa minyaa,
kibao cha fundi cherehani kilichoandikwa kwa mkaa.
Kwenda niliona nyumba za huku,
kurudi niliona nyumba za kule.
Hivyo ndivyo nilivyoijua Tabora, nusu nusu,
kama mtu anayesoma gazeti lililofungiwa maandazi.

Ndekeja alipokwenda Kaliua kwenye tumbaku
baiskeli ilibaki imeegemea ukuta, kuku wakataga chini yake.
Mwezi wa pili nikaondoa mayai,
nikaikokota hadi uwanja wa shule, Isevya,
saa ambayo hata mlinzi anasinzia.
Nilianguka upande wa kushoto. Bila shaka.
Mwili ulikuwa unarudi kwao.

Nyamizi alishika keria akikimbia nyuma,
akihema, akisema nimekushika, nimekushika,
na nilipogeuka alikuwa mbali,
mikono kiunoni, mwongo mkubwa.

Walisema. Unadhani hawakusema?
Kwamba mwanamke wa baiskeli hazai (nina watano),
kwamba lile bomba la katikati lina mambo yake,
kwamba nitakutana na mama mkwe njiani
nimpite bila kupiga goti.
Hilo la mwisho lilininyima usingizi.

Tukakutana kweli, penye mchanga, karibu na reli.
Nikashika breki, nikashuka, nikapiga goti
gurudumu likiwa bado linazunguka.
Akaniangalia. Akaiangalia baiskeli.
Akasema: Nipeleke Kitete, goti linaniuma.
Akakaa keria, miguu upande wa kushoto,
na mgongo wa gauni langu ukawa mbele yake.
Nalifikiria jambo hilo mpaka leo.

Mwaka juzi wakaitisha kikao cha barabara.
Watapanua lami, watachimba mitaro,
na sisi wa magurudumu mawili tupite wapi?
Juu ya mtaro, pengine, kama kunguru.
Nilikaa njia panda siku tatu na makopo mawili.
Mwanamume akipita, harage.
Mwanamke akipita, punje ya mahindi.
Kopo la maharage lilijaa, ungepika ukalisha msiba.
La mahindi: punje kumi na saba,
na tatu kati yake ni mimi, nikienda chooni na kurudi.

Nikamwaga vyote mezani kwa mhandisi,
kijana mpole, wa miwani. Akauliza: Nini hii, mama?
Nikasema: Hawa wachache ni wenye moyo mgumu.
Wanaoogopa malori hawamo katika kopo.
Wanaotembea na ndoo kichwani
nyuma ya baiskeli ya mume, hawamo.
Chora njia kwa ajili ya wale ambao hawajapita.

Wamechora. Mita mia sita,
kisha mstari unakatika mbele ya gereji
na bodaboda wameegesha humo humo.
Kikao kingine ni Jumanne.
Mwenyekiti wetu ni Nyamizi, yule mwongo.
Mimi natunza makopo.

Basi wewe unayesoma huku umekaa upande,
njoo uwanjani Alhamisi, saa kumi na moja, jua likipoa.
Vaa suruali ndani ya gauni, ndala ziache nyumbani.
Utaanguka. Mchanga wa Isevya ni mwingi,
ulikuwapo kabla yetu.
Nitashika keria.
Nitakudanganya kidogo.