Kidole Gumba

Kibaigwa, zamu ya usiku.
Nje malori ya mahindi yamepanga foleni hadi lami,
na humu ndani, juu ya mkanda, pakiti za kilo mbili
zinapita mojamoja
kama watoto wanaopelekwa chanjo.

Mtambo hauna meno wala ulimi.
Una masikio tu, anasema Ndahani aliyeufunga,
kafichwa kasha ndani ya kasha
yasisikie lori likipiga gia,
wala dunia yenyewe inavyovuta dira.
Linalotegewa ni dogo kuliko chawa:
waya wa chekeche uliokatika,
chembe ya nyundo ya mashine iliyochoka kupiga.

Bibi yangu, kule Mpwapwa, alisaga uwele kwa jiwe.
Jiwe nalo likisagika. Tukalila.
Kipimo chake kilikuwa gego: ka!
Akitema kiganjani, akitazama, akiendelea na tonge.
Gego la mwisho lilipong'oka
akaanza kula polepole, kama mgeni.

Saa nane, taa nyekundu.
Nikaweka pakiti pembeni. Iliyofuata, nyekundu.
Ya tatu. Ya nne.
Nyemo, msimamizi, akazima mkanda.
Tukapasua, tukachekecha, tukapitisha sumaku ya mkono
hadi unga ukatukaa kwenye nyusi.
Hamna kitu.
"Vua saa."
Nilishavua.
"Funguo? Kipini?"
Kipini nilikiuza, na tundu lenyewe limeshaziba.

Ndahani akasema, sogeza mkono bila pakiti.
Nikasogeza mkono mtupu.
Nyekundu.

Ndipo nikakumbuka Kongwa, karakana ya baba,
msimu wa kunoa plau:
nimeshika grenda, cheche zinaruka,
moja ikaingia kidole gumba, ikanyamaza.
Nikapaka mafuta ya alizeti. Ngozi ikafunga mlango.
Miaka kumi na moja nimesonga nayo ugali,
nimeogesha nayo mtoto,
nimeshika nayo koleo kaburini kwa baba,
hakuna aliyeisikia.

Nyemo alicheka hadi akakalia gunia.
Pakiti nne tukawapa kuku wa mlinzi,
zimehukumiwa kwa kesi isiyo yao.

Sasa nalisha mkanda kwa kushoto.
Wa kulia nauweka mgongoni,
hatua mbili kutoka kwenye masikio yale.
Zahanati iko ng'ambo ya barabara tu,
wembe wao dakika tano.
Nyemo ananiuliza kila Jumatatu.
Namwambia kesho.